Mbio Zako za Kwanza za Pikipiki: Kumaliza Ndiko Kushinda

Hebu fumba macho kidogo. Ah, usifumbe, maana utasomaje? Basi fikiri tu.

Umekaa juu ya pikipiki ya mbio. Mbele ya tairi lako limesimama geti la chuma. Kulia kwako wamejipanga vijana kumi, kushoto wanane. Injini zote zinanguruma mpaka kifua kinatetemeka. Ndani ya helmeti unasikia pumzi yako mwenyewe. Kati ya wote hao, wewe ndiye mgeni. Hujawahi kushindana hata siku moja. Geti likianguka tu, wote mtaikimbilia kona moja nyembamba yenye matope.

Utafanya nini?

Wengi watajibu haraka: "Navuta mafuta mpaka mwisho, bwana!" Jibu tamu, lakini ndilo linalowapeleka wageni wengi hospitali kabla ya mzunguko wa kwanza kwisha. Katika makala haya tutaeleza mbio za pikipiki za udongoni zinavyokwenda, mwili wako unapata nini huko, na namna ya kumaliza siku ukiwa mzima. Hata kama hutarajii kushindana, usifungue ukurasa mwingine. Pikipiki ziko kila mtaa siku hizi. Mambo mengi utakayosoma hapa yatakufaa hata ukiwa abiria wa bodaboda.

HIZI NI MBIO GANI?

Kuna aina mbili ambazo mgeni huzisikia sana.

Ya kwanza ni motokrosi. Hii hufanyika katika njia ya udongo iliyotengwa, yenye kona, mifereji na matuta ya kuruka. Washindani huanza wote kwa pamoja na kuizunguka njia ile ile mara nyingi.

Ya pili ni enduro. Hii ni safari ndefu ya kupita porini, mitoni na milimani, na mara nyingi washindani huachiliwa kwa zamu, kisha saa ndiyo inayoamua. Mbio za Roof of Africa, zinazofanyika katika milima ya Lesotho, ni maarufu kwa ugumu. Zilianza mwaka 1967, na mpaka leo wako mabingwa wanaoshindwa kuzimaliza.

Wewe unayeanza, anza na motokrosi. Njia ni fupi, wasimamizi wanakuona karibu muda wote, na gari la wagonjwa haliko mbali.

Mchezo huu si wa jana. Tarehe 29 Machi 1924, wapenda pikipiki wa Camberley, Uingereza, waliandaa mbio za kupita vichakani na makorongoni. Hizo ndizo huhesabiwa kuwa mwanzo wake. Afrika Mashariki nayo haikubaki nyuma: Jamhuri Park jijini Nairobi, na Busiika na Garuga nchini Uganda, ni majina yanayojulikana sana kwa wapenzi wa motokrosi.

Na pikipiki yenyewe je? Usidhani ni ile ya kwenu. Pikipiki ya motokrosi haina taa, haina vioo, haina namba ya usajili wala kiti cha abiria. Yenye injini ya cc 250 ina uzito wa kilo 100 na ushee. Kiti chake kiko juu kiasi cha sentimita 95 kutoka ardhini, na shokapu zake zinaweza kubonyea karibu sentimita 30 pikipiki inapotua. Tairi zina meno marefu ya kung'ata udongo. Kwa sababu haina taa wala namba, hairuhusiwi barabarani. Huletwa uwanjani juu ya pikapu.

Kwa hiyo ndugu yangu unayetaka kuruka tuta kwa bodaboda ya mjomba, acha kabisa. Shokapu zake hazikutengenezwa kwa kazi hiyo, na mgongo wako pia.

CHAGUA DARAJA LAKO, USICHAGULIWE NA MARAFIKI

Washindani hupangwa kwa ukubwa wa injini, umri na uzoefu. Watoto wadogo huanza na cc 50. Juu yake kuna cc 65, 85, 125, 250 na hatimaye 450.

Hapa ndipo kiburi kinapoanza kazi. Washikaji watakwambia: "Wewe mkubwa mzima unapanda cc 125? Chukua 450!" Sikiliza kwanza. Bodaboda nyingi hazifiki nguvu za farasi 15. Pikipiki ya motokrosi ya cc 450 hupita 50. Ukiteleza mkono kidogo tu kwenye mafuta, inakuacha umekaa chini na yenyewe inaendelea na safari.

Kanuni ni rahisi. Chukua pikipiki ambayo ukisimama unaweza kugusa ardhi, ikianguka unaweza kuiinua peke yako, na ukichoka bado unaweza kuitawala. Jiandikishe katika daraja la wanaoanza. Hakuna aibu yoyote. Huko wenzako nao wanajifunza, na mwendo wenu unafanana. Ajali nyingi hutokea pale mwenye mwendo wa kasi anapomkuta mwenye mwendo mdogo mahali pabaya.

Kama hujatimiza miaka 18, mzazi au mlezi ni lazima ajue na atie sahihi. Usijaribu kumzunguka. Siku ukivunjika mkono, yeye ndiye atakayekaa kitandani pako.

Tuseme pia ukweli mwingine: mchezo huu ni ghali. Pikipiki, vipuri, mavazi na usafiri vinakula fedha nyingi. Ndiyo maana wengine huanza kwa kusaidia. Wanaosha pikipiki za wenzao, wanashika bendera, wanajifunza ufundi, ndipo siku moja wanaazimwa ya kujaribu. Huo ni mwanzo mzuri, kwa sababu utauona uwanja kabla ya kuumizwa nao.

JE, WASICHANA NAO?

Bila shaka! Kiara Fontanesi wa Italia amekuwa bingwa wa dunia wa motokrosi ya wanawake mara 6. Mwaka 2020, Kirsten Landman na Taye Perry wa Afrika Kusini walimaliza mbio za Dakar kwa pikipiki huko Saudi Arabia, safari ya zaidi ya kilomita 7,000 za mchanga na mawe. Pikipiki haiulizi jinsia ya aliyeipanda. Inauliza kama amefanya mazoezi.

Dada, hata ukiwa katika siku zako unaweza kushindana kama unajisikia vizuri. Vaa sidiria ya michezo inayobana vyema, na ubebe pedi za akiba. Nanyi vijana wa kiume, kinga ya sehemu za siri si jambo la kuchekeana. Tangi la mafuta liko pale pale mbele yenu.

MWILI WAKO NDIYO INJINI YA KWANZA

Wako wanaosema: "Mchezo gani huo? Pikipiki ndiyo inayofanya kazi!" Watafiti waliowapima waendeshaji wa motokrosi wakiwa mbioni walikuta mapigo ya moyo yamepanda hadi asilimia 90, na hata zaidi, ya kiwango cha juu ambacho mwili unaweza. Hiyo ni sawa na kukimbia kwa nguvu huku ukinyanyua vitu. Muda mwingi unaendesha ukiwa umesimama juu ya vikanyagio, magoti yamekunjwa, viwiko vimeinuliwa, macho yanatazama mbali. Mabingwa wa dunia huenda hivyo kwa dakika 30 pamoja na mizunguko 2, mara mbili kwa siku. Mbio za wanaoanza ni fupi zaidi, lakini hata dakika 10 zitakutoa jasho la kutosha.

Anza mazoezi wiki nyingi kabla. Huhitaji jumba la kunyanyulia vyuma. Kimbia, piga mbizi za sakafuni, chuchumaa na kuinuka, panda baiskeli. Kubeba ndoo za maji nako ni mazoezi ya mikono, na nyumbani watafurahi!

Kuna tatizo moja linalowashangaza wageni. Baada ya mizunguko michache, mikono kuanzia kiwiko hadi kifundo inakuwa migumu kama mti. Vidole havikunjiki vizuri. Unataka kushika breki, mkono hauitikii. Ni nini? Misuli ya mkono huvimba kwa damu inapofanya kazi, nayo imefungwa ndani ya ngozi ngumu isiyotanuka. Msukumo unapanda, damu inapita kwa shida, nguvu zinakwisha. Chanzo kikubwa ni woga. Mgeni huukamata usukani kama mtu anayezama aliyeshika kamba.

Dawa yake ni kubana pikipiki kwa magoti, kushika usukani kwa wepesi na kukumbuka kupumua. Mikono ikikaza hata hivyo, punguza mwendo. Mkono usioweza kushika breki hauna kazi mbioni.

Chakula nacho? Kula saa 2 hadi 3 kabla ya kuanza: uji, ndizi, viazi au wali, visivyo na mafuta mengi. Kunywa maji kidogo kidogo tangu asubuhi. Usisubiri kiu. Ndani ya mavazi yale utatoka jasho kama uko jikoni kwa mama ntilie. Njia rahisi ya kujipima ni mkojo: ukiwa na rangi ya njano iliyokolea kama chai ya rangi, umekaukiwa na maji. Ukisikia kizunguzungu, kichefuchefu au kutetemeka kwa baridi huku jua linawaka, toka uwanjani, kaa kivulini, vua mavazi mazito, mwagia mwili maji na uite msaada. Joto linaweza kuua.

Pombe, bangi na vidonge vya "kuchangamsha" usiviguse. Wanasema vinaondoa woga. Kweli, vinaweza kukuondolea woga, na pamoja nao vinaondoa akili ya kupima umbali. Woga kidogo ni rafiki yako uwanjani.

VAA KABLA YA KUWASHA

Mwaka 1935 mwanajeshi na mwandishi T. E. Lawrence alianguka na pikipiki huko Uingereza. Hakuvaa helmeti. Alikufa siku 6 baadaye bila kuamka. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, alikuwa bingwa wa upasuaji wa ubongo. Jambo lile lilimkaa moyoni. Mwaka 1941 alichapisha utafiti kuhusu askari wa pikipiki, akaonyesha jinsi helmeti inavyookoa vichwa. Tangu hapo ushahidi umekuwa ukiongezeka. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na Cochrane mwaka 2008 ulikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Lakini helmeti lazima iwe yako, ya kichwa chako. Jipime hivi: ivae, ufunge mkanda chini ya kidevu, halafu tikisa kichwa. Kama helmeti inageuka na uso unabaki, ni kubwa mno. Kidole kimoja au viwili tu ndivyo viingie kati ya mkanda na koo. Na helmeti ikishapata kipigo kikubwa, imemaliza kazi yake hata kama kwa nje inang'aa. Ndani yake kuna povu gumu linalobonyea ili ubongo usibonyee. Povu hilo halirudi lilivyokuwa.

Vingine unavyohitaji ni hivi:

- Miwani ya vumbi. Jiwe dogo likirushwa na tairi la mwenzako linaweza kukutoa jicho.
- Glovu na jezi ya mikono mirefu.
- Kinga ya kifua na mgongo.
- Kinga za magoti na viwiko.
- Buti ngumu za motokrosi zinazofika karibu na goti. Viatu vya raba havifai, na kandambili ndiyo usizitaje kabisa.
- Kinga ya shingo. Hii ina historia ya hapa Afrika. Chris Leatt, daktari wa Afrika Kusini, alishuhudia mwendesha pikipiki mwenzake akifa mwaka 2001. Baada ya hapo alibuni kola ngumu inayozuia shingo isipinde kupita kiasi, na leo inavaliwa na waendeshaji wa nchi nyingi.

Huna vyote? Azima. Helmeti ya kuazima haikukai vizuri? Basi leo wewe ni mtazamaji. Ni vigumu, tunajua. Umesafiri, rafiki zako wako pale, umeshalipa kiingilio. Hata hivyo usiingie.

SIKU YENYEWE

Fika mapema. Kwanza kuna ukaguzi: breki, klachi, nyaya, tairi, helmeti. Usimfiche mkaguzi kitu. Yeye hapati faida yoyote kwa kukukatalia.

Halafu tembea njia yote kwa miguu. Wageni wengi hulidharau jambo hili. Tazama tuta lina nini upande wa pili. Tazama matope yako wapi, jiwe liko wapi, na ukishindwa kusimama utaangukia wapi. Baadaye utapewa muda wa mazoezi. Mzunguko wa kwanza nenda polepole, kama unayesoma barua.

Kuhusu matuta, nina neno moja: usiruke. Anayeanza hupita juu ya tuta huku tairi limegusa udongo, kama gari linavyopita tuta la barabarani. Baya zaidi ni matuta mawili yaliyofuatana. Ukiruka nusunusu, unatua kwenye uso wa lile la pili, na usukani unakupiga kifuani. Utajifunza kuruka siku nyingine, kwenye tuta dogo, ukiwa na mwalimu.

Kabla ya mbio kuna mkutano wa waendeshaji. Simama mbele, usipige soga. Hapo ndipo bendera zinapoelezwa, na bendera ndizo lugha ya uwanjani:

- Njano ikipeperushwa: kuna hatari mbele. Punguza mwendo, usiruke, usimpite mtu.
- Nyeupe yenye msalaba mwekundu: wahudumu wa afya wako njiani. Nenda taratibu sana.
- Bluu: mwenye kasi anakuja nyuma yako kukupita.
- Nyekundu: mbio zimesimamishwa.
- Nyeusi pamoja na namba yako: umetolewa.
- Ya mirabaraba myeusi na myeupe: umemaliza!

Bendera ya bluu utaiona sana, usiumie moyo. Cha kujua ni hiki: ukiiona, nyoosha njia yako. Usikimbilie pembeni kwa adabu. Anayekuja nyuma ameshachagua pa kupita kwa kutazama ulipo. Ukihama ghafla kulia wakati naye anahamia kulia, mtagongana. Adabu ya uwanjani ni kutabirika.

Sasa turudi pale getini. Geti limeanguka. Wewe hesabu "moja, mbili," ndipo uondoke. Waache wakasongamane kwenye kona ya kwanza. Unapofika wewe, njia imefunguka na vumbi limeanza kutua. Umepoteza sekunde mbili na umejipunguzia hatari kubwa ya siku nzima. Ukiendelea mwendo ule ule, utashangaa. Wale waliochomoka kama risasi utaanza kuwakuta mmoja mmoja, wengine wameanguka, wengine mikono imekaza.

Hata katika mbio za ubingwa wa dunia, wa kwanza hupata pointi 25, na wa 20 naye hupata 1. Kumaliza kuna thamani yake.

UKIANGUKA

Utaanguka. Kila mtu huanguka. Ukiweza kusimama, toka njiani kwanza, pikipiki baadaye. Tazama wanakotokea wenzako kabla ya kuigusa.

Kama huwezi kusimama, baki hapo ulipo na inua mkono. Atakayekuja asikuvute, wala asikung'oe helmeti. Shingo iliyoumia ikivutwa vibaya, mtu anaweza kupooza maisha. Helmeti hutolewa na wenye ujuzi. Kwa wengine ni pale tu ambapo aliyeanguka hapumui na hakuna njia nyingine ya kumsaidia, na hapo mmoja hushika kichwa na shingo visitikisike, wa pili akaitoa taratibu.

Sasa tufike kwenye jambo tulilotaka hasa kuwaambia. Umeanguka, kichwa kimegonga chini, umesimama. Rafiki anakimbia kuja.

"Kaka, uko sawa?"

"Poa tu! Nisaidie kuiwasha."

Wewe unasema poa, lakini unauona uwanja unazunguka kidogo. Kelele zinakuja kwa mbali. Hukumbuki umeangukaje. Ndani ya helmeti hakuna mwingine anayejua hayo.

Huo unaitwa mtikisiko wa ubongo. Ubongo ni laini, uko ndani ya fuvu, na kichwa kinaposimama ghafla wenyewe unaendelea kusukasuka. Si lazima uzimie. Si lazima damu itoke. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona ukungu, kuchanganyikiwa, kusahau, kujibu polepole, au tu kujisikia "siko kama mimi". Nyingine hujitokeza baada ya saa kadhaa.

Hatari iko hapa: ubongo uliotikisika hufanya kazi taratibu. Utachelewa kuona, utachelewa kushika breki, utaanguka tena. Na kipigo cha pili kabla ya kupona kinaweza kuleta uvimbe wa ubongo unaoua. Jambo hilo hutokea kwa nadra, lakini waliopatwa nalo wengi ni vijana.

Kwa hiyo wewe rafiki usiulize "uko sawa?" Swali hilo kila mtu atajibu "poa". Uliza: "Leo tuko uwanja gani? Huu ni mzunguko wa ngapi? Nani alikuwa mbele yako?" Akibabaika, au akijibu vizuri lakini unaona hayuko sawa, mwite mhudumu wa afya na ushike ufunguo au zima injini. Siku hiyo imekwisha kwake, hata akikutukana. Mwaka 2023 wataalamu wa michezo kutoka nchi mbalimbali walikubaliana tena kwamba anayedhaniwa kuwa na mtikisiko wa ubongo asirudi mchezoni siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo apumzike siku 1 au 2, asipande pikipiki, asinywe pombe, na mtu akae naye usiku wa kwanza. Kisha arudi hatua kwa hatua: kutembea, masomo kidogo, mazoezi mepesi, na mwisho kabisa mchezo, kwa ruhusa ya daktari. Kwa vijana kupona huchukua wiki kadhaa, mara nyingi kama 4.

Mpelekeni hospitali bila kuchelewa kama kichwa kinazidi kuuma, anatapika tena na tena, anapata degedege, haamshiki, mkono au mguu umelegea, mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, au maji au damu vinatoka sikioni au puani.

TUMBO NA VIDONDA

Usukani ukikupiga tumboni, usiseme "yataisha". Ini au wengu vinaweza kupasuka na kuvuja damu ndani huku ngozi haina hata mkwaruzo. Kirsten Landman tuliyemtaja alianguka vibaya katika mbio za jangwani nchini Botswana mwaka 2013. Aliumia sana ndani ya tumbo, na alipona kwa sababu ya matibabu makubwa ya hospitali. Dalili za kuogopa ni tumbo kukaza na kuuma zaidi, bega la kushoto kuuma bila kugongwa, jasho la baridi, kiu kali, kuishiwa nguvu. Hapo ni hospitali moja kwa moja.

Vidonda vya udongoni vioshe kwa maji mengi safi na sabuni. Usipake petroli, dawa ya meno wala majivu. Udongo una vijidudu vya pepopunda, ugonjwa unaokaza misuli mpaka mtu ashindwe kupumua. Kwa hiyo kabla ya kuanza mchezo huu, uliza katika kituo cha afya kama chanjo yako bado inafanya kazi.

UKWELI AU UONGO?

"Helmeti nzuri inazuia mtikisiko wa ubongo." Uongo. Inalinda fuvu na kupunguza nguvu ya kipigo, lakini ubongo bado unaweza kutikisika.

"Aliyegonga kichwa asiachwe alale." Uongo, kama ameshapimwa na hana dalili za hatari. Usingizi unamsaidia. Asiachwe peke yake tu.

"Anayeshuka kwenye pikipiki katikati ya mbio ni mwoga." Uongo mkubwa. Mbio zipo mwezi ujao. Ubongo ni mmoja.

"Haya yote hayanihusu, mimi si mshindani." Uongo. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko kitu kingine chochote. Barabarani hakuna mshika bendera, hakuna gari la wagonjwa linalosubiri kwenye kona, na lori halikupi nafasi ya kujaribu tena.

MWISHO WA MBIO

Bendera ya mirabaraba imepepea. Umekuwa wa 15 kati ya 19. Umejaa matope mpaka kwenye meno, mikono inatetemeka, umepitwa mara mbili na kijana mwenye mwili mdogo kuliko wako. Lakini umeshuka kwa miguu yako, na unaweza kuhadithia kila kona. Jumatatu utakaa darasani na kumsikia mwalimu vizuri. Hongera, umeshinda mbio zako za kwanza.

JADILINI NA WENZENU

1. Kwa nini ni vigumu kijana kusema "sijisikii vizuri" mbele ya marafiki? Ninyi mngemrahisishiaje?
2. Rafiki yako ameanguka na pikipiki njiani kutoka shule. Anasema yuko poa, lakini amekuuliza swali lile lile mara tatu. Utafanya nini, na utamwambia nani?
3. Hesabuni siku moja: bodaboda ngapi zimepita mbele ya shule yenu, na dereva na abiria wangapi wamevaa helmeti? Pelekeni majibu kwa mwalimu mkuu, na mumpendekezee la kufanya.